NI NANI WALIOBEBA BARUTI YA DELHI?

Wakoloni walikuwa na desturi moja ambayo hawakuiacha popote walipotia mguu. Wakiisha kuvunja mji wa watu, humtafuta mmoja miongoni mwao, wakamtundika kipande cha shaba kifuani, wakamwandika kitabuni. Kisha watoto wa wale waliovunjiwa mji hupewa kitabu kile wakisome darasani na kujibu maswali mwisho wa mlango. Mtoto akijibu vizuri hupata maksi. Akiuliza, "Na waliokuwa ndani ya mji, je?" huambiwa akae chini.

Leo twataka kusema habari za mashujaa wawili wa namna hiyo, mainjinia wa jeshi, Luteni Duncan Home na Luteni Philip Salkeld. Hawa walipewa Msalaba wa Victoria, nishani iliyo kubwa kuliko zote katika jeshi la Kiingereza, kwa kulipua Lango la Kashmiri la mji wa Delhi asubuhi ya tarehe 14 Septemba, 1857. Ndugu msomaji, usiseme kwamba Delhi ni mbali na mambo yale ni ya kale. Soma kwanza, halafu useme.

Bara Hindi wakati ule lilitawaliwa na kampuni. Ndiyo, kampuni ya biashara! Watu waliokuja kununua nguo na viungo walikuwa wamekwisha kuwa na jeshi, mahakama, magereza na wakusanya kodi. Jeshi lao la Bengal lilijaa askari Wahindi, na maafisa wakubwa wote walikuwa Wazungu. Tarehe 10 Mei, 1857, askari wa Meerut waliinuka. Watu wamezoea kusema kwamba sababu ni risasi zilizopakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Hiyo ilikuwa cheche. Kuni zilikuwa zimekwisha kukauka zamani, maana wafalme walikuwa wamenyang'anywa nchi, wakulima wamekamuliwa kodi, na askari aliyetumika miaka thelathini alipigiwa kelele na kijana wa Kizungu aliyeshuka melini jana. Kesho yake, tarehe 11 Mei, askari wale waliingia Delhi, wakamwendea mzee Bahadur Shah, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, wakamwambia awe kiongozi wao. Waingereza wakaliita jambo lile maasi ya askari. Wahindi wengi waliita, na wanaita mpaka leo, vita vya kwanza vya uhuru.

Hatufichi kwamba damu isiyo na hatia ilimwagika. Tarehe 16 Mei, Wazungu karibu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa ndani ya uwanja wa ngome ya mfalme. Lilikuwa tendo ovu na hatuna neno la kulitetea. Twalitaja mapema ili asije mtu akatutupia usoni mwishoni, akidhani tulilificha.

Tarehe 8 Juni jeshi la Waingereza lilipanda kwenye kilima kirefu kaskazini ya mji, likakaa pale miezi mitatu. Yalikuwa mazingiwa ya ajabu, kwa kuwa hawakuwa na watu wa kutosha kuuzunguka mji, na mara kwa mara walioitwa "waliozingirwa" ndio waliotoka nje kuwapiga "waliowazingira." Ndani, tangu Julai, majeshi yalisimamiwa na Bakht Khan, aliyekuwa subedari wa mizinga katika jeshi la Kampuni. Wapiga mizinga wake walifundishwa kazi na Waingereza wenyewe na walilenga shabaha vizuri mno. Hao hakuna aliyewapa nishani.

Mwanzo wa Septemba mizinga mikubwa ya kuvunjia kuta iliwasili, ikikokotwa na tembo na ng'ombe. Mkuu wa mainjinia alikuwa Richard Baird Smith, ambaye kazi yake kabla ya vita ilikuwa kusimamia mifereji ya maji ya wakulima. Usiku baada ya usiku ngome za udongo za kuwekea mizinga zilichimbwa mbele ya kuta za Delhi. Zilichimbwa na nani? Na vibarua wa Kihindi wasio na silaha, mtu na jembe lake, chini ya mvua ya risasi. Waingereza waliokuwapo wameandika wenyewe namna wale vibarua walivyokuwa: akianguka mmoja, wenzake waliacha kuchimba kidogo, wakamlilia, wakamlaza kando katika safu pamoja na maiti wengine, wakashika tena majembe. Tafadhali, ndugu, rudia kulisoma jambo hili. Mtu mwenye bunduki huweza kujibu risasi kwa risasi. Mtu mwenye jembe hana la kujibu. Kama kuna mizani ya ushujaa duniani, yafaa hao wapimwe kwanza. Lakini majina yao hata hayakuandikwa.

Sasa twende langoni.

Jeshi liligawanywa mafungu. Fungu moja la kwanza liliongozwa na John Nicholson, na la tatu lilipasa kuingia kwa Lango la Kashmiri likiisha kulipuliwa. Mambo yalicheleweshwa, kwa sababu usiku ule watu wa mjini walikuwa wamejaza tena matundu ukutani yaliyotobolewa na mizinga, ikabidi yapigwe upya. Basi kazi iliyopangwa kufanywa gizani ilifanywa jua limekwisha kutoka. Kikosi kidogo cha baruti kilitoka mbio mchana kweupe. Daraja la mbele ya lango lilikuwa limevunjwa, zikabaki mbao chache za kupitia juu ya handaki. Kila mmoja alikuwa na mfuko wa baruti wa ratili 25. Home alitangulia pamoja na mpiga tarumbeta Robert Hawthorne, akaweka mfuko wake chini ya lango, akaruka handakini. Sajenti Carmichael aliuawa akiweka wa kwake. Salkeld alikuja na utambi. Akapigwa risasi mkononi na mguuni. Akampa utambi Koplo Burgess, naye akapigwa akafa. Sajenti John Smith ndiye aliyemaliza. Lango likalipuka upande mmoja, tarumbeta ikapigwa, askari wakaingia.

Je, ulikuwa ushujaa? Naam, ulikuwa ushujaa. Sisi si watu wa kumtukana mtu aliyesimama mbele ya risasi. Salkeld alikufa kwa majeraha yake tarehe 10 Oktoba, hajatimiza miaka 27. Home hakuguswa siku ile, lakini tarehe 1 Oktoba, huko Malagarh, alikuwa akiivunja ngome nyingine kwa baruti, ikalipuka kabla ya wakati wake, akafa hapo hapo. Alikuwa na miaka 29. Vijana wale walikuwa na mama zao kama sisi.

Lakini hesabu haijaisha. Katika kikosi kile kidogo hawakuwamo Wazungu peke yao. Langoni pale kuna bamba la jiwe lililowekwa mwaka 1876 na Lord Napier wa Magdala, mwenyewe injinia wa jeshi na wakati huo mkuu wa majeshi yote ya Bara Hindi. Majina yamo: Subedari Toola Ram. Jemadari Bis Ram. Hawildari Madhoo, aliyejeruhiwa. Hawildari Tilok Singh, aliyejeruhiwa akafa. Askari Ram Heth, aliyeuawa. Hao nao walibeba baruti ya ratili zile zile, juu ya mbao zile zile, mbele ya bunduki zile zile. Risasi haikuuliza kabila la mtu.

Na Msalaba wa Victoria, je? Walipewa wanne: Home, Salkeld, Smith na Hawthorne. Subedari Toola Ram hapana. Jemadari Bis Ram hapana. Madhoo hapana.

Hapa watetezi wa wakoloni huinua kidole. Husema, "Kanuni! Kanuni haikuruhusu. Askari Mhindi alikuwa na nishani yake mwenyewe, iliyoanzishwa na Kampuni mwaka 1837." Vema, na tuiangalie hiyo kanuni, maana hapo ndipo ulipo uchafu wenyewe.

Msalaba wa Victoria ulianzishwa Januari 1856 kwa ajili ya jeshi la Malkia. Home na Salkeld hawakuwa wa jeshi la Malkia. Walikuwa mainjinia wa Bengal, watu wa Kampuni. Maana yake ni kwamba siku ile ya tarehe 14 Septemba kanuni haikuwataja hata wao! Lakini jenerali wao Wilson aliwaahidi msalaba pale pale Delhi, na tarehe 29 Oktoba, 1857, wiki sita tu baadaye, Malkia alitia sahihi amri mpya kwamba watu wa Kampuni nao waweze kuupata. Yaani Wazungu wa Kampuni. Haukupita muda, tarehe 13 Desemba, 1858, amri nyingine ikatolewa: sasa hata raia asiye askari aweza kuupata, mradi alipigana na waasi wa Bara Hindi. Hivyo karani Thomas Henry Kavanagh akaupata, kwa sababu alitoka Lucknow usiku katika Novemba 1857, amejipaka rangi na kuvaa kama Mhindi, akawafikia Waingereza waliokuwa wakija. Aliyemwongoza njia nzima alikuwa Mhindi wa kweli, asiyejipaka rangi, aitwaye Kanauji Lal. Msalaba alipewa Kavanagh.

Umeona, ndugu msomaji? Kanuni ilipowazuia maafisa Wazungu ilinyoshwa katika wiki sita. Ilipomzuia karani Mzungu ilinyoshwa baada ya mwaka mmoja na kidogo. Ilipomzuia Mhindi ilikaa imekakamaa miaka 54, mpaka mwaka 1911, ndipo Mfalme George wa Tano alipotangaza, tena katika mji ule ule wa Delhi, kwamba askari Mhindi naye aweza kuwa shujaa. Wa kwanza, Khudadad Khan, aliupata kwa kupigana Ubelgiji mwaka 1914, vita vya Wazungu kwa Wazungu vilipowamaliza watu wao na wakawa na haja ya wengine. Madhoo asingeweza kungoja.

Kuna kichekesho kimoja katika habari hii, nacho kimo ndani ya lugha yetu wenyewe. Sisi tukisema "jemadari" twafikiri mkuu wa majeshi, mtu ambaye akisimama watu elfu husimama. Katika jeshi la Kampuni jemadari alikuwa afisa wa chini kabisa wa Kihindi, na hata bwana wake subedari, mzee mwenye mvi, alipasa kumpigia saluti kijana wa Kizungu asiyejua hata kuomba maji kwa lugha ya nchi. Neno lilivuka bahari likapanda cheo. Mwenye cheo alibaki kule kule chini.

Wala isidhaniwe kwamba mizani hiyo ya namna mbili ilikuwa ya Bara Hindi tu. Askari wetu wa King's African Rifles walitengenezewa nishani yao ya pembeni, iliyoandikwa "African" kabisa katika jina lake ili mtu asipotee njia. K.A.R. walipigana vita viwili vikubwa, wakafika mpaka misitu ya Burma. Hata hivyo walioupata Msalaba wa Victoria ndani ya K.A.R. walikuwa Wazungu, kama Sajenti Nigel Leakey wa Kenya aliyekufa Ethiopia mwaka 1941. Na wapagazi wa vita vya 1914 waliokufa maelfu kwa maelfu kwa kuhara, njaa na mizigo, waliachiwa nini? Waliachiwa jina la mtaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni "Carrier Corps" iliyotamkwa na midomo yetu. Kila anunuaye nyanya pale hulitaja jeshi la wabebaji bila kujua. Wale vibarua wa Delhi wenye majembe wangewatambua mara moja.

Sasa kuna ndugu zetu, wengine wasomi, wasemao hivi: "Ushujaa ni ushujaa. Tuuheshimu popote ulipo, tusiulize ulikuwa wa upande gani." Maneno haya ni matamu, na ndiyo sababu yafaa yachunguzwe. Kwanza, waliotoa nishani hawakuyafuata hata siku moja. Bakht Khan na wapiga mizinga wake walikaa chini ya moto wa mizinga mikubwa siku nyingi wala hawakukimbia mpaka ukuta ulipobomoka. Wapiganaji wa upande wao waliokamatwa walilipwa kitanzi. Zaidi ya misalaba 180 ilitolewa kwa vita vile vya Bara Hindi, wala hautaona hata mmoja uliotolewa kwa adui shujaa. Basi kwa nini sisi tudaiwe adabu ambayo mwenyewe hakuwa nayo?

Pili, tendo la mtu halikatwi kama mkate, tukala ushujaa tukaacha lililofuata. Baruti ya Salkeld ilifungua lango. Nini kilipita langoni? Siku ile moja tu Waingereza walipoteza watu zaidi ya 1,100, waliokufa na waliojeruhiwa, na Nicholson mwenyewe akapata jeraha lililomwua tarehe 23. Hasira yao waliimaliza juu ya mji. Katika mtaa wa Kucha Chelan wanaume walitolewa majumbani wakapelekwa ukingoni mwa mto Yamuna wakapigwa risasi. Mmoja wao alikuwa Imam Bakhsh Sahbai, mshairi, mwalimu wa Kiajemi katika Chuo cha Delhi, mtu wa kalamu. Tarehe 22 Septemba, Meja Hodson, akiwa amewashika wana wawili wa mfalme na mjukuu wake waliojisalimisha, aliwavua nguo, akawapiga risasi kwa mkono wake mbele ya watu. Wenyeji wa mji walifukuzwa nje ya kuta, wakakaa makaburini na katika magofu baridi ikiingia, na Waislamu walicheleweshwa kurudi kuliko wengine. Maofisa maalumu waliwekwa kusimamia uporaji. Ndiyo, uporaji wenye ofisi na daftari! Walichimba sakafu na kubomoa kuta wakitafuta fedha. Msikiti wa Jama uligeuzwa kambi ya askari, usirudishwe mpaka 1862.

Na mainjinia? Walikuwa na kazi nyingine. Sehemu kubwa ya majumba ndani ya Ngome Nyekundu ilibomolewa, yakajengwa mabanda ya askari yasiyo na sura, ambayo mtalii huyaona mpaka leo akashangaa yametoka wapi. Mzee Bahadur Shah alihukumiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe mwaka 1858, akapelekwa Rangoon, akafa huko tarehe 7 Novemba, 1862, akazikwa kwa haraka kaburi lisilojulikana.

Hayo yote yalipita langoni nyuma ya mifuko ile ya baruti. Mtu anaweza kusema Salkeld hakuyajua, alikuwa amelala akingoja kufa. Ni kweli. Lakini waliomvika nishani waliyajua yote, na walimvika baada ya hayo. Nishani haikuwa ya marehemu; marehemu haoni shaba. Ilikuwa ya walio hai, ili wayasahau ya Kucha Chelan wakumbuke utambi.

Tatu, na hili laweza kuwachoma wengine: twawasemaje Toola Ram na wenzake? Kuna watakaotuambia, "Hao walikuwa vibaraka. Mbona mnawalilia?" Hatuwalilii, wala hatuwaombei msalaba. Walibeba baruti ya kuvunja mji wa nchi yao, na kikosi chao chenyewe cha mainjinia wa Bengal kilikuwa kimegawanyika, wengine wakiwa wameinuka kule Meerut mwezi wa Mei. Kila mmoja alichagua, ama njaa ilimchagulia. Lakini tazama bei waliyolipwa. Mtu aliyewatumikia wakoloni mpaka kufa, pale pale langoni, aliambiwa kwamba kifo chake ni cha daraja la pili. Kama huyo rafiki yao alipimwa hivyo, mkulima aliyekaa kimya shambani mwake alipimwaje? Hilo ndilo lingewapasa wajiulize wale waliokuwa wakijipendekeza kwa mabwana katika nchi zote walizotawala, wakivaa vibandiko vyao siku ya sikukuu ya mfalme.

Wahindi wamekwisha kushughulika na mawe yao. Juu ya kile kilima cha kaskazini Waingereza walijenga mnara mrefu wa mawe mekundu mwaka 1863, wakaandika hesabu za watu wao, na wale waliokuwa mjini wakawaita "adui." Serikali ya India huru haikuuvunja. Mwaka 1972, ilipotimia miaka 25 ya uhuru, iliweka bamba lake kando, likisema kwamba walioitwa adui hapa walikuwa wapigania uhuru wa nchi yao. Sanamu ya Nicholson iliyosimama karibu na lango, upanga mkononi, iliondolewa ikarudishwa kwao Ireland ya Kaskazini. Twaona hiyo ni kazi iliyofanywa kwa akili. Aliyebomoa mnara hana tena la kumwonyesha mtoto. Aliyeweka bamba anamwonyesha yote mawili, uongo na jibu lake.

Lango la Kashmiri lenyewe lingalipo, na alama za mizinga ya 1857 zimo ukutani. Karibu yake siku hizi kuna kituo kikubwa cha treni za chini ya ardhi, na watu maelfu hupita kila asubuhi wakienda kazini. Bamba la Napier lipo pale pale. Majina ya Waingereza yametangulia, na chini yake yapo yale matano: Toola Ram, Bis Ram, Madhoo, Tilok Singh, Ram Heth. Walimu wetu wanaofundisha habari za vita vile twawaomba wawasomee watoto majina hayo yote, kisha wawaambie ni wangapi walioupata Msalaba, na rangi zao.